Mwachano wa Nukta Mbili

Saa saba na nusu mchana kompyuta ilikuwa imefika asilimia sitini na moja, na mwenye kompyuta alikuwa ameshafika mwisho wake. Macho yalimuwasha. Mgongo ulimuuma pale katikati ya mabega, mahali ambapo hata ukijipinda vipi mkono wako mwenyewe haufiki. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani isipokuwa chai, na chai yenyewe aliikumbuka ilipokuwa imeshapoa.

Chumba chake kilikuwa juu ya karakana, mwisho wa ngazi ishirini na mbili za chuma, na dirisha lake la kioo lilitazama chini sakafuni. Kutoka pale aliziona ekseli thelathini na sita, vyuma vinavyobeba magurudumu ya mabehewa ya treni, zimelazwa juu ya magogo, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe, zikisubiri neno lake.

Kazi yake, kwa asiyeijua, ilikuwa kupima vyuma bila kuvigusa. Huko chini mafundi walipitisha juu ya ekseli kitu walichokiita kalamu, kwa sababu ya umbo lake tu. Ndani ya ncha yake mlikuwa na koili ya waya mwembamba kama unywele. Umeme ukipita kwenye koili, huamsha mikondo midogo inayozunguka ndani ya chuma. Chuma kikiwa kizima, mikondo huzunguka kwa raha zake. Kikiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa macho, mikondo hulazimika kuukwepa, na koili huhisi. Yeye aliyafanya hayohayo ndani ya kompyuta. Alichora koili, akachora chuma, akachora ufa, akavikata vyote vipande laki tatu, kisha akaiacha mashine ikokotoe kama ufa wa milimita moja ungetoa ishara gani, na wa milimita mbili ishara gani.

Ndiyo maana wakamwita Kivuli. "Sisi tunapima chuma, yeye anapima kivuli cha chuma." Jina hilo lilitungwa na mtu mmoja, na mtu huyohuyo ndiye aliyemnyima usingizi mwezi mzima.

Mtu mwenyewe walimwita Mkono. Alikuwa fundi mkaguzi, na jina hakulipata bure. Mkono wake wa kulia uliweza kuipitisha kalamu juu ya ekseli, mwanzo hadi mwisho, bila kuinua wala kukandamiza, taratibu kama mama anayempaka mtoto mafuta. Mafundi wapya waliletwa wautazame. Kivuli naye aliutazama, kutoka dirishani, mwaka mzima, akijidai anaangalia ekseli. Mwisho wa mwaka huo Mkono alipanda ngazi ishirini na mbili na kumwambia, "Mimi si mtu wa maneno mengi. Unanitazama, nakutazama. Tufanyeje?" Wakachumbiana. Harusi ikapangwa iwe mara tu upimaji utakapokamilika na ripoti kupita.

Ripoti haikupita. Kila asubuhi kwa miezi mitatu, kabla ya kugusa ekseli, Mkono alipitisha kalamu juu ya kipande kimoja cha chuma chenye ufa wa kuchongwa ambao kina chake kilijulikana. Ishara yake ilitakiwa ilingane na ya kompyuta. Baada ya siku chache za mwanzo haikulingana tena. Kivuli akakokotoa upya, akavikata vipande vyake vidogo zaidi, akabadilisha hiki na kile, wapi! Mwishowe alichoka. Akachukua vipimo vyote vya miezi mitatu, akavipigia wastani, akaona vinatawanyika kupita kiasi, akaandika kwenye ripoti maneno matatu: kosa la mkono.

Hakumaanisha mtu. Vitabu vya kazi yao ndivyo vinavyosema, kosa la mashine, kosa la mkono. Lakini katika karakana ambamo kuna binadamu anaitwa Mkono, maneno hayo msomaji atayaelewaje? Mkuu wa karakana aliyaelewa vilevile. Mkono akaondolewa kwenye upimaji, akapelekwa stoo kupanga boliti. Kivuli akampigia simu mara tatu, haikupokelewa. Mara ya nne hakupiga, kwa kuwa naye alizaliwa na kiburi chake. Siku thelathini na mbili zikapita hivyo, watu wawili chini ya paa moja la bati, hawasemi.

Asubuhi hii, alipokuwa akivihifadhi vile vipimo avisahau, kwa mara ya kwanza alivipanga siku kwa siku badala ya kuvipigia wastani. Akaona kitu kilichomfanya asahau chai. Ishara za kile kipande cha mfano hazikutawanyika hata kidogo. Zilikaa palepale siku kadhaa, zikashuka ghafla, zikakaa, zikashuka tena. Zilishuka mara nne, na kila mara ilikuwa Jumatatu.

Mkono unaotetemeka hutawanya vipimo, haushuki ngazi kila Jumatatu. Kitu kilikuwa kimeingia kati ya kalamu na chuma, kikawa kinaongezeka unene kidogo kidogo. Nafasi hiyo kati ya kalamu na chuma ina jina lake refu vitabuni, lakini wao wawili waliiita mwachano, jina alilolitunga Mkono wiki yao ya kwanza kwa utani. Katika kompyuta Kivuli alikuwa ameuandika mwachano kuwa sifuri. Sasa alikuwa ameuandika milimita sifuri nukta mbili, akaiwasha mashine, na moyo wake ukawa unahesabu nayo asilimia.

Sitini na nne. Akasikia hatua kwenye ngazi za chuma, na akazijua kabla hazijafika juu.

"Hodi."

"Karibu."

Mkono alisimama mlangoni na ovaroli yake ya buluu, amekonda mashavu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Kivuli alimtazama usoni, akautazama huo mfuko, akarudi usoni, na kila alipotazama palimuuma.

"Mhandisi," alisema Mkono.

Siku zote alimwita Kivuli. Hilo neno mhandisi, ingawa ndilo cheo chake, lilimchoma kuliko tusi.

"Fundi," akajibu, kwa kuwa hakuwa na lingine la kurudisha.

"Nimeleta kalamu na fomu ya kukabidhi. Wote wameshatia sahihi, umebaki wewe." Aliviweka mezani kwa mkono wa kushoto. "Gari linaondoka kesho asubuhi."

Kivuli aliisoma fomu. Uhamisho kwenda karakana nyingine, safari ya siku nzima. Sababu: ombi la mfanyakazi mwenyewe.

"Umeomba mwenyewe?"

"Nimeomba mwenyewe."

"Na hukuona vibaya kuondoka bila kuniaga?"

"Si ndiyo nimekuja." Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali. "Tia sahihi, mama. Nimechoka, nawe umechoka. Nakuona."

"Usiniite mama."

"Basi mhandisi."

Kivuli hakuchukua kalamu ya wino. Alichukua ile nyingine, ya koili, akaigeuza juu na kuitazama ncha chini ya taa. Ilikuwa inang'aa. Ncha ya kalamu iliyosuguliwa na ekseli miezi mitatu haing'ai. Akaikwaruza kwa ukucha. Kitu laini kikainuka pembeni.

"Hiki nini?"

Mkono alitazama dirishani.

"Nakuuliza, hiki nini?"

"Selotepu."

"Ya nini?"

"Ncha ilikuwa inalika. Niliomba nyingine stoo, wakasema nisubiri. Nikaweka selotepu ili chuma kisiiguse. Ikichakaa, Jumatatu naongeza nyingine juu yake."

"Mara nne."

Alishtuka. "Umejuaje?"

"Kivuli kiliniambia." Alitaka iwe utani lakini sauti ilimkatika njiani. "Na hiyo ndiyo sababu peke yake?"

Chini karakanani mtu aliangusha spana, na mlio wake ukazunguka kuta zote kabla ya kufa. Mkono akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani, kiganja chini, mbele ya mchumba wake. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vinatetemeka. Si sana. Asiyemjua asingeona. Lakini Kivuli alikuwa ameutazama mkono huo mwaka mzima, na kuuona hivyo alihisi kama ameona mtu mzima analia.

"Tangu ile wiki tulipoanza kupima zamu mbili kwa siku," Mkono alisema. "Ukipumzika unatulia. Asubuhi unaanza tena. Juu ya chuma kitupu kalamu ilikuwa inakwamakwama. Kwenye selotepu inateleza, hakuna anayeona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mimi naitwa Mkono!"

"Mficha uchi hazai, unajua?"

"Najua. Na asiyeuliza?"

Kivuli aliirudisha kalamu mezani.

"Malizia, si unazijua methali? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Miezi mitatu, Kivuli. Ulishuka ngazi zile mara ngapi? Ulikaa humu, ukapiga wastani wako, ukaandika. Nilipoisoma ile ripoti nikasema, basi, ameuona mtetemeko. Ameujua kabla sijapata kinywa cha kumwambia. Nikasema, sawa, kazi ni kazi, ana haki ya kuandika. Hilo nililimeza." Akavuta pumzi. "Lakini kumtuma mama yako, hilo lilinikaa hapa."

"Mama yangu?"

"Usijifanye."

"Kumtuma mama yangu wapi?"

Mkono alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Alimpigia mama yangu. Jumatatu ileile ripoti ilipotoka. Akamwambia mambo ya watoto yameisha, umesema mwachano kwa mdomo wako. Akasema, maneno yake haya, 'Mkono wa mwanao umetuchosha.' Mama akanipa habari huku analia. Ulitaka nifanye nini? Nije kukubembeleza uolewe na mkono mbovu?"

Kivuli aliona ukuta wote wa chumba unamsogelea. Siku thelathini na mbili alikuwa akiamini ameachwa kwa sababu ya maneno matatu ya ripoti. Kumbe mwenzake alikuwa akiamini ameachwa kwa sababu ya vidole viwili.

Alichukua simu, akaipiga nyumbani, akaiweka spika na kuilaza katikati ya meza, juu ya fomu.

"Umekula?" Mama yake hakuwa na salamu nyingine ya mchana.

"Bado, mama. Nataka kukuuliza. Ile Jumapili ya mwisho kabla sijakabidhi ripoti, nilipokuwa naongea na simu ukumbini, ulinisikia nikisema nini?"

"Jumapili ngapi zimepita! Mimi nina kinasa sauti?"

"Mama."

"Nilisikia nilichosikia." Sauti ilibadilika, ikajiweka tayari kwa vita. "Ulisema umefikiria mwachano. Umefikiria sana. Ukasema, lakini mkono wake ndio wenye matatizo, na wewe umechoka. Mimi nimezaa, mwanangu. Nisubiri uniletee jicho limevimba ndipo nielewe?"

Kivuli alifumba macho. Alikumbuka. Alikuwa akizungumza na mwalimu wake wa chuo kuhusu ishara zisizolingana. Mwalimu, ambaye alishalizoea jina lao hilo, alimuuliza, "Umefikiria mwachano?" Naye, kwa ujuaji wake, akajibu kwamba ameufikiria sana na si wenyewe, kosa ni la mkono. Mwalimu yule alikuwa amempa jibu mdomoni akalitema.

"Mama, mwachano si kuachana."

"Kumbe nini, kuoana?"

"Ni nafasi. Nafasi kati ya kalamu na chuma."

"Kalamu gani tena?"

"Kipimo cha kazini. Nilikuwa naongea na mwalimu wangu mambo ya kazi. Na mkono ni mkono wa kushika kalamu. Kutetemeka, mama. Si kupiga."

"Kwa hiyo hakukupiga."

"Hajawahi hata kuninyanyulia sauti."

"Shikamoo, mama," Mkono alisema, akiinama kidogo kuelekea simu, kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe hata akiwa ndani ya waya.

Kivuli akachungulia kama simu imekatika.

"Marahaba," ilijibu sauti, ndogo, imetolewa hewa. "Kumbe upo hapo. Kumbe mmenitega."

"Hatujakutega, mama. Tumechoka tu, tunatafuta kosa liko wapi."

"Liko hapa," mama alisema. Akavuta kiti, walikisikia kikikwaruza sakafu. "Nimeshikwa, sasa nitasema kweli. Nilisikia mwachano, moyo ukafurahi kabla akili haijauliza. Ningeweza kumuuliza mwanangu jioni ileile, yuko chumba cha pili. Sikumuuliza. Niliogopa atasema hapana. Baba yake alikuwa mtu wa karakana. Nilimfulia ovaroli miaka ishirini na saba, baba. Grisi haiishi. Alirudi nyumbani amechoka, akala amechoka, akafa amechoka. Nikasema huyu mmoja niliyebaki naye asije akamalizia ujana wake kwenye ndoo ya sabuni."

Ni Mkono aliyesema, kwa adabu yake yote:

"Mama, ovaroli yangu najifulia mwenyewe."

"Unajifulia?"

"Tangu nina miaka kumi na sita."

"Grisi unaitoaje?"

"Naipaka mafuta ya taa kwanza, kidogo, palepale penye doa. Kisha naisugua kwa sabuni ya kipande."

"Mafuta ya taa yanaacha harufu."

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo naianika siku mbili."

"Mh," alisema mama.

Hiyo "mh" Kivuli aliijua tangu utotoni. Haikuwa ndiyo, wala haikuwa hapana. Ilikuwa ni mtu anasogea kidogo kwenye benchi bila kukukaribisha.

"Mama yako nitampigia mwenyewe," mama aliendelea. "Aibu ni yangu, nitaibeba. Na huo mkono unaotetemeka, umemwonyesha daktari?"

"Bado."

"Bado! Watu wazima na akili zenu, mnapima vyuma, mkono wa mtu hamuupimi." Akakata simu bila kuaga, kama kawaida yake akiwa ameshindwa.

Walibaki wakitazamana, simu iko katikati. Kivuli alitaka kucheka, akakuta machozi yametangulia. Hakuyafuta. Mkono alinyoosha mkono wa kushoto, akasita, akaurudisha.

"Nilidhani umeniacha kwa sababu nimeisha," alisema.

"Na mimi nilidhani umeniacha kwa sababu nimekuaibisha."

"Umeniaibisha."

"Najua. Hilo haliondoki kwa sababu mama hasikii vizuri. Nilikuandika bila kukuuliza. Ulinificha mkono wako. Mwenzangu, tumefanya kazi mbaya wote wawili."

Kompyuta ililia mlio mmoja. Asilimia mia.

Wakainama wote kwenye skrini, bega kwa bega, kwa kuwa skrini ilikuwa moja. Kulikuwa na mistari miwili, mwekundu wa kompyuta na mweusi wa kalamu. Kwa miezi mitatu mistari hiyo ilikuwa imepishana kama majirani wasiosalimiana. Sasa mwekundu ulikuwa umelala juu ya mweusi mwanzo mpaka mwisho, hadi ikabidi usogee karibu uone kwamba ni miwili. Kivuli alibandua selotepu kwa ncha ya wembe, tabaka nne zimeshikana, akazibana kwenye maikromita kupima unene. Sifuri nukta mbili na chembe ndogo juu yake.

"Si mkono," alisema polepole. "Unaona? Umetetemeka miezi mitatu na bado hukukosea. Ungekuwa mkono wa mtu mwingine, hapa pangekuwa na vumbi tu."

Mkono hakufurahi. Alikuwa anasoma chini ya mistari, mahali kompyuta ilipokuwa imezisahihisha ekseli zote thelathini na sita. Fundi ni fundi. Kidole chake kikasimama.

"Ya kumi na saba."

"Ndiyo."

"Niliipitisha. Nilisema ufa wake hauna neno."

"Selotepu ilifanya nyufa zote zionekane fupi kuliko zilivyo. Na ya thelathini na moja pia."

Mkono akageuka dirishani na kuzitafuta kwa macho. Zilikuwepo. Kumi na saba karibu na mlango, thelathini na moja nyuma yake, zimelala juu ya magogo yao. Hakuna ekseli iliyokuwa imerudi chini ya behewa. Zote zilisubiri ripoti. Hata hivyo uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na Kivuli alielewa kwamba mtu huyu angevumilia kuitwa mkono mbovu maisha yake yote, lakini hizo mbili zingemfuata kitandani.

"Nitamwambia mkuu," alisema Mkono. "Leo. Siyo wewe, mimi."

"Watakuuliza kwa nini hukusema."

"Nitawaambia niliona haya."

Kivuli alikivuta kile kipande cha mfano kutoka kwenye droo, akakiweka mezani, akaichomeka kalamu iliyobanduliwa kwenye kifaa chake chenye mshale, akaishika. "Kabla hatujaenda. Tukipime bila selotepu, tuwe na uhakika. Nionyeshe."

"Wewe? Hujawahi kuishika."

"Ndilo kosa langu hilo."

Mkono alisimama nyuma yake. Akaushika mkono wake kwa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole viwili vinavyotetemeka, akaulaza juu ya kalamu. Kivuli alihisi mtetemeko ukimwingia, mdogo, wa kila mara, kama mashine iliyoachwa ikiunguruma chumba cha mbali. Kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa miwili na ilishikana, ukapungua.

"Usikandamize," alimwambia sikioni. "Iache ilale. Uzito wake unatosha."

"Hivi?"

"Hivyo. Sasa twende. Polepole. Usiogope, hakiumi."

Ncha iligusa chuma kitupu. Ikapita juu ya sehemu nzima, mshale wa kifaa umetulia. Halafu ikafika penye ufa, na mshale ukaruka, ukafika palepale ambapo kompyuta tangu mwanzo ilisema utafika. Kivuli alikuwa ameuchora ufa huo mara mia. Hakuwahi kuuhisi. Hakutoa mkono, wala Mkono hakutoa wake, na kwa muda fulani hakuna aliyekuwa akipima kitu.

"Utakwenda hospitali," alisema Kivuli hatimaye.

"Nitakwenda."

"Tutakwenda."

"Tutakwenda," Mkono alikubali, na akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Kivuli akaketi kwenye kompyuta na kuandika marekebisho ya ripoti. Aliandika yale ya kazi, namba na grafu, na jinsi ekseli mbili zinavyopaswa kutolewa. Mwisho, mahali ambapo palikuwa na yale maneno matatu, aliyafuta, akaandika mengine. Karatasi ilipotoka kwenye printa Mkono aliichukua na kusoma kwa sauti:

"Nilichukulia kwamba mwachano ni sifuri. Sikuuliza."

Alisoma mara ya pili kimya. Kisha akachukua kalamu ya wino, akainama, na chini ya mstari ule akaandika kwa mwandiko wake uliopindapinda, bila kuuficha: "Niliweka selotepu tabaka nne. Sikusema." Akatia sahihi. Kivuli akatia yake pembeni. Hakuna aliyesema zilivyofanana sahihi hizo na za cheti kingine, lakini wote wawili walizitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika.

King'ora cha saa kumi kikalia. Huko chini mafundi wakaanza kuvua glavu. Mezani, chini ya simu, ile fomu ya kukabidhi ilikuwa bado iko, na nafasi moja tupu.

Mkono akaisogeza kwake kwa kidole. "Na hii?"

Kivuli aliitazama. Akakunja vidole vyake, akavikunjua.

"Siwezi kutia sahihi leo," alisema. "Mkono wangu umechoka."

Mkono hakucheka, hakuwa na nguvu za kucheka. Lakini kitu kilimlegea usoni, na akaonekana tena yule aliyepanda ngazi ishirini na mbili kuuliza tufanyeje. Akaikunja fomu mara mbili, akaisukumia ndani kabisa ya mfuko wa ovaroli, akafunga kifungo.

"Basi nikumbushe kuitoa," alisema. "Kesho nafua."

"Sikukumbushi," alisema Kivuli, na wakashuka ngazi pamoja kwenda kwa mkuu wa karakana.